Kujitolea ng'ambo kwenye mradi wa papa: maswali ninayoulizwa Nairobi na majibu yangu

Mimi ni mkaazi wa Nairobi, na mara mbili nimefunga virago kwenda kujitolea kwenye miradi ya papa. Mara ya kwanza nilikwenda Afrika Kusini, upande wa Cape. Mara ya pili kisiwani Mafia, Tanzania. Tangu nirudi, simu yangu haiishi maswali. Wengine ni wanafunzi wa Chiromo, wengine ni watu wenye kazi zao za ofisini waliochoshwa na msongamano wa Thika Road na wanataka walau mwezi mmoja baharini. Nimeyaweka maswali hayo pamoja ili kila mtu apate jibu kamili.

Kwani papa anahitaji kulindwa? Si yeye ndiye anayekula watu?

Hili ndilo swali la kwanza kila mara. Duniani kuna zaidi ya aina 500 za papa. Walio wengi hawana haja nawe kabisa, na wengine hawafiki hata urefu wa mkono wako. Visa vya papa kumuuma mtu bila kuchokozwa huwa makumi kadhaa tu kwa mwaka, dunia nzima, na vifo huwa vichache mno.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 2021 watafiti walichapisha hesabu ya papa wa bahari kuu na taa, wale samaki bapa jamaa ya papa, na wakakuta wamepungua kwa asilimia 71 tangu 1970. Sababu kubwa ni uvuvi. Papa hazai kama dagaa. Papa mweupe jike huweza kufika miaka thelathini na ushei kabla ya kuzaa mara ya kwanza. Ukimvua akiwa na miaka ishirini, umemvua mtoto.

Kuna jambo jingine lililonigusa mimi kama Mkenya. Mwaka 2020 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliotumia kamera za chini ya maji kwenye miamba ya matumbawe 371 katika nchi na maeneo 58. Karibu mwamba mmoja kati ya mitano haukuonyesha papa hata mmoja. Kenya ilitajwa miongoni mwa sehemu sita ambazo papa karibu wametoweka miambani: katika zote sita kwa pamoja, kamera zilirekodi kwa zaidi ya saa 800 na zikaona papa watatu tu. Nilisoma taarifa hiyo nikiwa ndani ya matatu, nikapitiliza kituo changu. Tangu hapo sijaweza kuliona jambo la papa kama la watu wa mbali.

Nitafanya kazi gani hasa?

Inategemea mradi, lakini kaa ukijua kwamba muda mwingi hutakuwa na papa. Utakuwa unakatakata chambo, unaosha boti, unajaza fomu, na unatazama kioo cha kompyuta hadi macho yaume.

Kazi iliyochukua saa zangu nyingi Cape ni ya kamera za chambo. Hushushwa fremu ya chuma yenye kamera, na mbele yake kikapu cha samaki waliopondwa, ikaachwa chini kwa muda wa saa moja hivi. Mkiipandisha, mnaondoka na video ya saa nzima, na video hiyo lazima mtu aiketie. Hesabu yenyewe ina ujanja wake. Huhesabu kila papa anayepita, kwa sababu mmoja anaweza kuzunguka na kurudi mara kumi. Unachoandika ni idadi kubwa zaidi ya papa walioonekana kwa mpigo mmoja kwenye picha. Wakionekana wawili pamoja, unaandika wawili, hata kama saa nzima umeona mkia ukipita mara thelathini.

Kuna pia kazi ya kuwapima papa wadogo. Katika misitu ya kelpu, yaani mwani mrefu wa maji baridi, wanaishi papa wadogo wanaolala mchana chini ya mawe. Nakumbuka wa kwanza niliyekabidhiwa: alikuwa na mistari ya kahawia na madoa meupe, urefu wake hata haukufika sentimita 60. Nilipomshika tu akajikunja, akauleta mkia juu ya uso na kufunika macho, kama mtoto anayedhani asipokuona nawe humwoni. Nilipitisha kiganja kutoka kichwani kwenda mkiani, ngozi ilikuwa laini. Nikarudisha mkono kinyume, ikawa msasa mtupu. Ngozi ya papa imejaa vijimeno vidogo sana vinavyoelekea nyuma. Tulimpima, tukaandika jinsia, tukamrudisha majini. Yote hayo yalichukua chini ya dakika mbili, na kiongozi wetu alikuwa na saa mkononi akihesabu kwa sauti.

Kwenye miradi ya potwe, yule papa mkubwa kuliko samaki wote, kazi kubwa ni kupiga picha. Pwani ya Kenya huitwa papa shilingi, na ipo simulizi kwamba Mungu alipendezwa sana na samaki huyo hadi akawatuma malaika wamrushie sarafu mgongoni. Madoa hayo ndiyo kitambulisho chake, kwa kuwa hakuna wawili wanaofanana. Unampiga picha ubavuni, upande wa kushoto, nyuma tu ya matamvua, kisha programu ya kompyuta inalinganisha mpangilio wa madoa na wa potwe wengine waliowahi kupigwa picha. Hesabu zinazotumika ziliazimwa kwa wanasayansi wa nyota, ambao walizibuni kwa ajili ya kulinganisha picha za nyota.

Halafu kuna kazi ya kwenye diko, pale wavuvi wanaposhusha samaki: kupima, kuuliza mtego uliotumika, kuandika aina. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi yenye faida kubwa kuliko zote, na ndiyo inayokimbiwa zaidi kwa sababu haina picha za kupendeza.

Lazima niwe nimesomea sayansi?

Hapana. Miradi mingi hukufundisha. Kinachotakiwa ni uandishi safi wa takwimu. Ukiandika 5 inayofanana na S, umewaharibia watu kazi ya siku nzima.

Sijui kuogelea. Nisahau?

Usisahau, ila jifunze kwanza. Wengi wetu tuliokulia Nairobi tulikuwa na bwawa moja tu la kuangalia kwa mbali. Kuna bwawa la Kasarani, na yapo mengine mengi ya hoteli na shule yanayopokea watu kwa malipo ya siku. Jipe miezi minne au mitano ya masomo ya kila wiki. Lengo lako liwe kuogelea mita 200 bila kusimama na kuelea dakika kumi bila hofu. Kasi si muhimu.

Kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa ni jambo lingine. Miradi ya potwe mara nyingi haihitaji mtungi, ni barakoa, mrija na mapezi ya miguuni. Mradi wako ukihitaji mtungi, panda reli ya Madaraka pale Syokimau ushuke Mombasa, uende Diani au Watamu ukasomee huko. Cheti cha kwanza kinakuruhusu kufika mita 18, na unakipata kwa siku chache. Kipate hapa nyumbani kwenye maji ya vuguvugu kabla hujaenda kutetemeka Cape.

Niende nchi gani?

Nitasema ninazozifahamu vizuri.

Afrika Kusini ndiyo inayotangazwa zaidi. Ilikuwa nchi ya kwanza duniani kumlinda papa mweupe kisheria, mwaka 1991. Watu wengi huelekea Gansbaai, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka Cape Town, karibu na kisiwa cha Dyer na mwamba wenye maelfu ya sili. Lakini sikiliza kabla hujalipa. Kuanzia 2017 mizoga ya papa weupe ilianza kusukumwa ufukweni pale, mingine haina ini kabisa. Waliofanya hivyo ni nyangumi wauaji, hasa wawili wa kiume ambao watafiti waliwapa majina Port na Starboard kwa sababu pezi la mgongo la mmoja limelala kushoto na la mwenzake kulia. Papa weupe waliobaki walihama, na sehemu ambazo zamani walionekana kila siku zikakaa miezi bila hata mmoja. Siku hizi kwenye boti utaona zaidi papa wa rangi ya shaba. Mradi unaokuahidi papa weupe kila siku Gansbaai, kwa picha za mwaka 2012, haukuambii ukweli. Mimi mwenyewe sikuona papa mweupe hata mmoja kwa wiki nne, na bado nilijifunza mengi mno.

Mafia ndiyo ninayowapendekezea watu wa Nairobi. Potwe huonekana karibu na Kilindoni takriban kuanzia Oktoba hadi Machi, wakati wa kaskazi, wakifuata vijidudu na kamba wadogo. Kwa muda mrefu watu walidhani wakiondoka huko huenda bahari ya mbali. Watafiti walipowafunga vifaa vya kutoa mlio, ikagundulika kwamba wengi hawaendi popote: msimu ukiisha husogea tu mbali kidogo na ufuo na kuzama chini zaidi, mahali ambapo macho ya watu hayafiki. Kufika huko si safari ya kutisha. Unakwenda Dar es Salaam kwa ndege au basi, kisha ndege ndogo hadi kisiwani, au boti kutoka Nyamisati.

Bahamas ni ndoto ya wengi kwa sababu ya Bimini, ambako kuna kituo cha utafiti wa papa kilichoanzishwa mwaka 1990 na Samuel Gruber, na kwa sababu nchi nzima imekuwa hifadhi ya papa tangu 2011. Kikwazo chetu ni njia. Ndege nyingi hupitia Marekani, na Mkenya anahitaji viza ya Marekani hata kama anapita tu. Anza na hilo kabla ya mengine yote.

Kama najitolea, kwa nini nilipe?

Swali la haki, na Nairobi huulizwa kwa hasira. Petroli ya boti, nahodha, chakula, malazi na mtu wa kukufundisha vyote vina gharama, na ruzuku za utafiti wa papa ni chache. Kwa hiyo miradi mingi huendeshwa na ada za wanaojitolea. Kwa wiki moja ada huweza kuwa dola mia kadhaa, na mingine hupita elfu moja, bila nauli ya ndege.

Ninachokushauri ni kuuliza, kwa barua pepe, bei ya wakaazi wa Afrika. Mara nyingi haiandikwi kwenye matangazo kwa sababu matangazo yameandikwa kwa kijana wa Uingereza au Ujerumani. Mimi nilipouliza nilipunguziwa karibu nusu. Uliza pia kama unaweza kukaa muda mrefu zaidi kwa ada ndogo, ukibadilishana na kazi ya tafsiri au mafunzo shuleni. Mtu anayezungumza Kiswahili na Kiingereza kwenye pwani ya Tanzania ana kitu ambacho mradi ungelazimika kukilipia.

Nitajuaje kwamba huu ni utafiti kweli, si utalii uliovikwa koti la maabara?

Hapa nitasimama kidogo, maana niliumia.

Safari yangu ya kwanza niliipanga kupitia wakala mmoja wa mtandaoni. Tangazo lilisema utafiti na uhifadhi. Nikatuma malipo ya kutanguliza, nikaomba likizo kazini, nikawaaga watu. Zilipobaki wiki mbili nikaletewa ratiba. Katika siku kumi na nne, siku mbili ndizo zilizokuwa na neno utafiti. Zilizobaki nilikuwa nioshe mavazi ya mpira ya watalii wanaoshushwa majini ndani ya vizimba kuwaona papa, niwagawie chai, na niwapige picha. Nilipolalamika nikaambiwa malipo hayarudishwi. Sikuyapata hadi leo. Nilitafuta mradi mwingine mwenyewe, bila wakala, na huo ndio nilioutumikia wiki nne.

Sisemi utalii wa papa ni mbaya. Potwe aliye hai anayeletea kijiji wageni kila mwaka analindwa na kijiji hicho. Lakini mtu aambiwe wazi anachonunua. Kwa hiyo siku hizi, kabla sijamshauri mtu alipe, namwambia awaulize wenye mradi mambo haya na asiridhike na jibu la juujuu: Kibali cha utafiti mmepewa na nani? Tanzania mtafiti mgeni hupata kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya huko, na hapa kwetu ni NACOSTI, tume yetu ya sayansi. Mradi wa kweli unajua namba ya kibali chake kama unavyoijua namba yako ya kitambulisho. Takwimu zinakwenda wapi baada ya kukusanywa, na ripoti iliyotoka mwisho ni ipi? Wenyeji wangapi wameajiriwa, na je, yupo mwenyeji anayeongoza au wote ni wa kubeba mitungi? Papa hushikwa kwa muda gani, na nani ana mamlaka ya kusema basi?

Omba pia kuzungumza na mtu aliyejitolea mwaka uliopita. Ukipewa visingizio, tafuta kwingine. Na mtu yeyote anayetaka utume pesa zote leo leo kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, hata kama ana nembo nzuri, ni mkora.

Viza, chanjo na karatasi?

Pasipoti huombwa kupitia eCitizen. Hakikisha ina zaidi ya miezi sita mbele. Tangu Januari 2023 Wakenya huingia Afrika Kusini bila viza kwa matembezi, hadi siku 90 kwa mwaka. Lakini matembezi si kazi, na kujitolea huweza kuhesabiwa kama kazi. Uandikie mradi na ubalozi upate jibu la maandishi. Tanzania vilevile: kuingia ni rahisi kwa kuwa sisi ni Jumuiya moja, ila mradi unapaswa kukueleza kibali gani kinahitajika kwa unachokwenda kufanya.

Cheti cha homa ya manjano usisahau. Ukitoka Kenya kwenda Afrika Kusini utaulizwa uwanjani. Chanjo huanza kuhesabika siku kumi baada ya kuchomwa, na cheti ni cha maisha. Ukienda Mafia, chukua dawa za kuzuia malaria kwa ushauri wa daktari. Sisi wa Nairobi miili yetu haina mazoea nayo. Miradi inayofanya kazi na watoto wa shule huomba cheti cha maadili mema kutoka polisi, kwa hiyo peleka alama za vidole mapema. Bima ya safari iseme kwa maneno kwamba inagharamia shughuli za majini. Nyingi hazigharamii.

Mama yangu amesema papa watanila na hatatoa baraka zake. Nimwambie nini?

Usimletee takwimu. Mimi nilimwonyesha mama video ya yule papa mdogo anayejifunika macho. Akacheka, akauliza kama ana mama. Kisha nikampa namba ya kiongozi wa mradi, jina la nyumba nitakayolala, na ratiba ya boti, maana kilichokuwa kinamkosesha usingizi kilikuwa kutojua nitakuwa wapi. Ukweli ni kwamba hatari kubwa kwenye miradi hii ni boti, jua, na barabara. Vaa koti la kuokolea uhai kila mara, na usimwonee aibu nahodha kumwambia bahari imechafuka.

Nitatapika?

Pengine. Tangawizi husaidia wengine. Kidonge humezwa kabla ya kupanda boti, si baada ya kuanza kuzunguzungwa. Tazama upeo wa macho, si simu.

Nitakuwa Mwafrika peke yangu kwenye boti?

Cape nilikuwa mimi na nahodha msaidizi. Wengine wote walitoka Ulaya na Marekani. Walinipokea vizuri, lakini kuna siku utachoka kuulizwa kama Nairobi kuna simba barabarani, na kuna siku wageni watadhani wewe ni mfanyakazi wa hoteli. Nilimweleza kiongozi wa mradi waziwazi, naye akalizungumza mezani wakati wa chakula cha jioni bila kunitaja. Hali ilibadilika. Usikae nalo moyoni wiki nzima.

Mafia ilikuwa kinyume kabisa. Siku moja tulikwenda dikoni na fomu zetu. Wenzangu wageni walikuwa wameuliza maswali asubuhi nzima kupitia mkalimani na wakapata majibu ya neno moja moja. Nikamwendea mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu, nikamwamkia, "Shikamoo, babu." Sisi wa Nairobi neno hilo hatulitumii sana, na ni bora ulizoee kabla ya kwenda. "Marahaba, mjukuu wangu. Umetoka wapi wewe?" Nikamwambia Nairobi. Akaniuliza habari za huko, bei ya unga, kama kuna mvua. Tukakaa. Baadaye, bila mimi kuuliza, akanionyesha papa mdogo aliyelazwa kwenye jamvi. "Huyu kaingia jarifeni usiku. Zamani tulikuwa tunawatupa wa ukubwa huu. Sasa ndio tunaowapata."

Jarife ni ule wavu wa macho makubwa wa kuvulia papa na taa. Sentensi zake mbili za mwisho zilikuwa na taarifa ya miaka arobaini, na hakuna mahali kwenye fomu palipoiulizia. Niliiandika pembeni, na kiongozi wa mradi akaongeza swali hilo kwenye fomu iliyofuata.

Nikimwona potwe, naweza kumgusa? Picha moja tu?

Hapana. Kaa mita tatu au zaidi kutoka ubavuni, na mbali zaidi kutoka mkiani, maana mkia huo ukikupiga utajuta. Usitumie mwanga wa kamera. Mradi unaoruhusu wageni kumpanda au kumshika, ondoka na useme kwa nini.

Kwa nini niende ng'ambo wakati Kenya ina bahari?

Ukipata nafasi hapa, ichukue. Taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, iko Mombasa, na hifadhi ya bahari ya Malindi ni ya tangu 1968. Wapo Wakenya wanaofanya kazi nzuri ya papa na taa. Lakini nafasi za kujitolea ni chache, na kuna jambo ambalo huwezi kulijua ukiwa hapa tu: bahari yenye papa inafananaje. Mimi nilihitaji kuona mwamba ambao papa anapita kila dakika kumi ili nielewe tulichopoteza kwetu. Nenda, jifunze kushusha kamera, kusoma madoa, kujaza fomu ya dikoni, kisha ulete ujuzi huo Shimoni, Kilifi au Lamu. Kama nia yako ni kurudi na picha tu, kaa Nairobi, na pesa hizo uzitume kwa kikundi cha ufuo kinachojulikana.

Nikirudi, niache kula papa?

Nimelelewa na shangazi wa Mombasa ambaye mchuzi wake wa papa ng'onda, yaani aliyekaushwa, wenye nazi na ndimu, ungemtoa mtu usingizini. Kwa hiyo jibu hili silitoi kirahisi. Mimi nimeacha. Sijamwambia shangazi aache, wala sitamwambia mvuvi wa ngalawa kwamba kitoweo cha watoto wake ni kosa. Watu wa pwani wamekula papa na kupaka mashua zao sifa, yale mafuta ya ini lake, kwa vizazi vingi, na papa walikuwapo. Kilichobadilika ni wingi wa nyavu, meli kubwa za nje, na soko la mapezi makavu ya kupeleka Mashariki ya Mbali. Nilipomweleza shangazi hivyo, alisema hata yeye ameona vipande vya siku hizi ni vidogo. Sasa hununua nguru mkavu zaidi. Uamuzi huo ni wake mwenyewe.

Nikae muda gani?

Wiki mbili zinatosha kujua kama unaipenda kazi. Kuwa na faida kwa mradi huanza wiki ya tatu.

Itanisaidia kupata kazi?

Peke yake, hapana. Lakini ukiomba barua inayosema hasa ulichofanya, kwa mfano saa ngapi za video ulizochambua na papa wangapi uliowapima, ina uzito kuliko cheti chenye picha ya pezi. Rafiki niliyekutana naye Mafia alitumia barua kama hiyo kuomba shahada ya uzamili. Wengine hurudi ofisini kwao, na hilo halina ubaya wowote.

Nikirudi Nairobi, ndio nimemaliza?

Si lazima. Video za kamera za chambo husambazwa, na miradi kadhaa hukubali watu waliokwisha fundishwa waendelee kuzichambua kutoka nyumbani. Mimi hufanya hivyo Jumapili jioni, intaneti ikikubali. Picha za potwe nazo hulinganishwa muda mrefu baada ya msimu kuisha.

Miezi miwili baada ya kutoka Mafia, nikiwa kwenye foleni ya benki mjini, nililetewa ujumbe. Ubavu wa kushoto wa potwe mmoja niliyempiga picha, dume mwenye kovu kwenye pezi la mgongo, umelingana na picha za miaka saba nyuma, za hapo hapo Kilindoni. Waliniuliza kama nina picha nyingine ya kovu hilo, iliyo wazi zaidi. Ninayo, na jioni ile niliituma.